Milango Iliyoota Mpakani

Mambo yaliharibika Jumatatu ya tarehe kumi na moja, mwezi wa tatu, saa nne asubuhi. Lori la milango lilikuwa la kwanza mbele ya geti la mpakani, zamu yake imefika, na ofisa wa forodha alikuwa ameshanyanyua muhuri. Mashine zikazimika. Ofisa akaurudisha muhuri mezani, akaagiza chai.

Fundi aliyeitengeneza ile milango alikuwa amekaa ndani ya lori, mfuko wa bawaba mapajani, kwa sababu hakumwamini mtu kuzibeba. Aliyeshika usukani alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu mkewe, mtu wa maneno mengi na breki chache. Alizima injini, akatazama kwenye kioo malori yaliyojipanga nyuma yao mpaka konani, akasema, "Shemeji, hapa tutaota mvi."

"Mimi nimeshaota," fundi akasema. "Ota wewe."

Milango ilikuwa ya wodi ya wazazi upande wa pili. Kazi hiyo aliipata mkewe, siku aliyokwenda kule kupimwa moyo akaona wanawake wanajifungua nyuma ya mapazia. Alimfuata mkunga mkuu, akamwambia nyumbani kwake kuna mwanamume anayejua mbao na hajui kujitafutia wateja. Mkewe alikuwa akiiamini redio. Redio ilisema soko la ukanda mzima sasa ni moja, bidhaa zitapita kama maji, wenye biashara ndogo wachangamkie fursa. Fundi, ambaye shule aliiacha mapema, aliuliza ni maji gani hayo yanayogongwa muhuri. Lakini mbao alinunua.

Mkewe hakuiona milango. Moyo ulimbana mwaka uliopita, wakamkimbiza ng'ambo kwa teksi, teksi ikakwama kwenye foleni hii hii. Kulikuwa na geti la pili, pana, limepakwa rangi, halipitishi hata baiskeli. Lilikuwa la wakubwa, na siku ile wakubwa walikuwa wanakwenda kwenye mkutano wa kupunguza foleni. Alikata roho kabla msafara wao haujapita.

Basi wakasubiri. Mashine zilipopona, ofisa mwenye muhuri alikuwa semina. Aliporudi semina, mashine zilikuwa zimezimika tena. Nyuma yao, kwenye lori la mayai, vilianza kusikika vifaranga, na forodha ikalibadilishia kodi, kutoka ya mayai hadi ya kuku. Lori la saruji liligeuka ukuta, na dereva wake akaulizwa kibali cha ujenzi.

Milango ilianza kuchipua wiki ya pili. Shemeji ndiye aliyeona, alipokuwa akikaza turubai. Alimwita fundi bila haraka, akamwonyesha tawi lililotokea juu ya kitasa. Fundi alisema mbao zilikauka vizuri, yeye si mtu wa kuuza mbao mbichi, labda ni huku kukaa. Akachukua randa akalilamba tawi lile. Jioni lilikuwa limerudi na mwenzake.

Alikwenda kwa ofisa wa forodha. Ofisa alitoka, akatazama, akasema mlango ukishakuwa na majani si samani tena, ni mmea. Aende kwa mkaguzi wa mimea. Mkaguzi wa mimea alikuwa chumba cha jirani. Alisema mmea wenye bawaba yeye hana mamlaka nao, arudi forodha. Fundi alikwenda na kurudi mpaka nyasi zikafa kati ya vyumba viwili vile.

"Nyinyi si mnakunywa chai birika moja?" aliwaambia. "Mkishamimina, ulizaneni."

"Mzee, chai ni chai," ofisa akamjibu, "na kazi ni kazi."

Mkunga akapiga simu. Hakuwa mtu wa kupandisha sauti. Wodi ingefunguliwa mwezi uliofuata, na milango isipofika wakubwa wake watanunua ya plastiki inayokuja kwa meli kutoka mbali, ambayo, alisema kwa masikitiko, huwa haikwami. Fundi alijua maana yake. Mteja huyu akienda, karakana inafungwa, na ile safari ya marehemu ya kumtafutia kazi inakuwa ya bure.

"Mama, milango ni mizima," alisema. "Ila imeanza kuota."

"Kuvu?"

"Majani."

"Afadhali," mkunga akasema. "Kuvu wodini hapana."

Fundi akawa anapogoa kutwa nzima. Haikusaidia. Mizizi ilitoboa sakafu ya lori, ikapita katikati ya ekseli, ikaishika lami. Milango ikasimama wima yenyewe, kila mmoja ndani ya fremu yake, ikatupa kivuli kizuri juu ya geti, na geti halikufunguka tena. Mama wa chai akahamia hapo, akatundika vikombe vyake kwenye vitasa. Kinyozi akafuata, kisha mwenye kuchaji simu. Walifanya biashara ambayo hawakuwahi kuifanya maishani, maana wateja walikuwa wengi na hawana pa kwenda. Shemeji naye akawa anakodisha viti vya lori kwa wenye usingizi.

Fundi hakukodisha kitu. Alipogoa na kumwambia yeyote aliyekaa karibu kwamba kama geti hili limeshindikana wafungue lile la rangi, mbona ni kusukuma tu. Watu waliitikia kwa vichwa, polepole, kwa kuwa walikuwa wananyolewa.

Wakubwa walikuja, kwa geti lao. Walisimama kivulini, wakapigwa picha, na mmoja wao akasema huo ni mfano hai wa fursa ndani ya changamoto. Akapiga marufuku kukata mizizi. Fundi alimwomba geti la pili. Mkubwa akamshika bega, akamwambia, "Mzee wangu, suala lako tumelipokea," akaingia garini. Shemeji akasema wamelipokea vizuri, hata hawakulidondosha.

Alhamisi moja adhuhuri, teksi ilijipenyeza kando ya malori, ikakwama. Nyuma alikuwemo mwanamke ambaye uchungu ulikuwa umemkolea, na mumewe hajui ashike wapi. Fundi alilitazama gari lile mara moja tu. Akaenda mpaka kwenye geti la rangi, akaligonga kwa nyundo. Mlinzi akamwambia kwa adabu kwamba funguo ziko makao makuu. Fundi hakubishana. Alimpigia mkunga, akamwambia milango iko tayari, ila itabidi aifuate.

Mkunga alivuka kwa njia ya waendao kwa miguu, mkoba begani. Alifungua mlango mmoja, akaufunga, akatega sikio. Bawaba haikulia. Akaagiza vikombe viondolewe na mwanamke apandishwe lorini. Akaingia naye katikati, akaifunga milango yote kuwazunguka, na wanaume wakabaki nje.

Fundi alikaa chini, akaegemea gurudumu. Ndani alisikia sauti ya mkunga, na majani. Mkewe angekuwepo angesema, si nilikwambia kazi ipo.

Mtoto akalia. Kinyozi alizima mashine yake kidogo, halafu akaiwasha. Malori yalibaki pale yalipokuwa, na geti la rangi lilibaki limefungwa.

Mkunga alitoka na mtoto wa kike amemviringisha shuka. "Fundi, milango nimeipokea," akasema. "Wodi ndiyo haijafika."

Ofisa wa forodha alikuwa ameshasogea, kofia kichwani. Alilizunguka lori taratibu. Alitazama mizizi, ilivyotambaa chini ya geti ikachipua upande wa pili, akatazama mahali mwanamke alipolazwa, juu ya mizizi hiyo, nusu huku, nusu kule. Kisha akamtazama mtoto.

"Na huyu," akauliza, "anaingia au anatoka?"