Lori la Saa Nane

Saa saba na nusu mchana Claudine aliingia tena ofisi ya kuunganisha familia za wakimbizi, Kibondo, mara ya tatu wiki ile. Binti yake, aliyepotezana naye wakikimbia Burundi, alikuwa kituo cha watoto ng'ambo ya barabara. Alimwona kwa macho yake kupitia uzio. Lakini mwaka huo wa 1999 mlinzi hakutoa mtoto bila orodha ya kompyuta, na saa nane lori lingewapeleka Kasulu watoto wote wasio na mzazi orodhani.

“Mama, jina halipo,” alisema Gasper, karani.

“Nilijaza fomu Jumatatu! Mashine ikasema imepokea.”

Herieth, aliyetoka Moshi kuandika programu ya orodha ile kwa Java, lugha ya kompyuta, akavuta kiti mbele ya mashine. Zamani hitilafu ikitokea, ukurasa ulimwaga mistari ya kutisha na makarani wakaikimbia mashine. Basi yeye, kwa ujanja wake, akazifunga hitilafu mdomo: programu ikikwama inaimeza hitilafu, haiandiki popote, kisha inatangaza “Imepokelewa.” Mficha maradhi kilio humuumbua, safari hii kilio kilikuwa cha mwenzake.

Akaongeza mstari wa kuandika kila hitilafu kwenye faili, akawasha mashine upya. Dakika nne. Dakika nne nzima, jamani! Gasper akaingiza fomu ya Claudine. Faili likasema: jina la mtoto halina jina la baba, fomu imekataliwa.

“Baba Nduwayezu, mtoto Mpawenimana,” Herieth akasoma. “Mbona majina hayafanani?”

Gasper akamkodolea macho. “Dada, Warundi kila mtoto ana jina lake. Nani kakwambia nyumba nzima inagawana moja?”

Hakuna aliyemwambia. Ukaguzi ule wa jina la baba aliuweka mwenyewe kwenye programu, kwa mazoea ya kwao Moshi. Akaufuta, fomu ikapita, akachapa orodha, akakimbia na Claudine. Lori lilikuwa limeshawashwa. Mlinzi akasoma karatasi, akairudia, kisha akamshusha mtoto mwenye sweta la kijani.

“Umwana wanje! Mwanangu!” Claudine akapiga magoti vumbini. Herieth naye akalia, bila haya.

Kufika jioni Gasper alikuwa amemaliza kuingiza upya fomu zote za mwezi ule. Orodhani wakaongezeka wazazi hamsini na wanane, wote waliokwisha kuambiwa jina halipo.

“Lori la leo la watoto lilikuwa la ngapi mwezi huu?” Herieth akauliza.

“La tano, dada.”