Kiti cha Ngongoti

Niseme mapema: mimi si mtu wa mizimu. Nashona viti vya magari, nina macho mawili na ulimi mkali, vinanitosha.

Kwenye gereji yetu dereva hupimwa kama wa kushonewa suti. Baba watoto humpima miguu, mikono na mgongo, ndipo achomelee fremu ya kiti, nami nivishe ngozi. Kila dereva na kiti chake. Ndiyo desturi yetu tangu tuanze kuingia mashindano ya mbio kwa hili gari la kale, ambalo limenizidi umri, na mimi si msichana. Kiti cha mwisho tulimtengenezea kifungua mimba wetu, tuliyemwita Ngongoti kwa urefu wake. Alifia humo humo, kwenye kona ya mwisho kabla ya bendera ya kumalizia.

Gari likakaa chini ya turubai. Kisha baba watoto akaanza kunyoosha bodi, binti yetu akafungua injini, na kitinda mimba, mfupi kama mimi, akasema ataendesha yeye. Nilikataa, nikanuna, nikagoma hata kupika. Wakala mkate mkavu na msimamo wao haukubadilika. Mwishowe nikakubali kwa sharti moja: apimwe, atengenezewe kiti chake mwenyewe. Nilikuwa nimebakiwa na mtoto wa kiume mmoja, na sikutaka akalie kifo cha kaka yake.

Baba watoto aliitikia kwa kichwa. Lakini asubuhi ya mashindano nilipofungua mlango wa gari, nikakuta kiti ni kile kile, na mishono ni yangu mwenyewe. Nikamuuliza kama amerukwa na akili. Akasema alikusudia kukikata, mkono ukakataa. Kijana ataongezewa mto mgongoni na vipande vya mbao kwenye pedali, basi. Nilimpa maneno ambayo sitayarudia hapa. Binti yangu aliendelea kubadilisha plagi, akijifanya kiziwi. Kitinda mimba akanishika bega, akacheka.

"Mama, mimi ni yule yule. Hata ukinikalisha juu ya meza nitabaki mfupi."

Nilimfunga mkanda kwa mikono yangu. Zile mbao nilizitikisa, zilikuwa imara.

Mizunguko ya mwanzo aliendesha kwa tabia yake, kwa adabu, breki mapema, akiwapisha wenye haraka. Nikaanza kupumua. Halafu mlio wa injini ukabadilika. Binti yangu akaacha alichokuwa akifanya, akanitazama. Sote tulijua ni nani aliyekuwa akishusha gia vile, kwa kuchelewa na kwa jeuri, mpaka injini inalia. Mkono mmoja ukatokea dirishani, ukaning'inia nje kwa raha zake. Kitinda mimba wangu si wa hivyo, huyo anaogopa hata kutoa kidole.

Baba watoto alikuwa analia huku anatabasamu.

"Unamwona?" akaniambia. "Unamwona mwanangu?"

Nilimwona. Nikawakimbilia wasimamizi, nikawaomba wamsimamishe, nikawaambia anayeendesha siye aliyeingia. Wakanitazama kwa huruma, wakaniletea maji. Maji! Ningewamwagia usoni kama ningekuwa na muda.

Kona ile akaiingia kwa kasi ile ile. Gari likaserereka, tairi la nyuma likapanda ukingo, nami nikafumba macho nikingoja kishindo. Hakikuja. Nilipofumbua, alikuwa ameshapita na watu wanapiga makofi.

Akasimama mbele yetu. Nilifika wa kwanza, nikafungua mlango. Mto ulikuwa umetupwa pembeni, mbao zimeng'olewa, na miguu ya mwanangu ilifika kwenye pedali bila taabu yoyote. Uso ulikuwa wa kitinda mimba, hata kovu la kidevuni lilikuwepo. Nikamkumbatia kwa nguvu, nikamwambia imetosha, turudi nyumbani, gari lenyewe nitalichoma moto.

Alinipapasa mgongo kwa upole. Kisha akatazama juu ya bega langu, akamwona baba yake, akamwona binti yangu, akaendelea kutafuta mtu katika umati.

"Mama," akauliza, "mdogo wetu yuko wapi?"