Swali la Tisa

Tik, tik. Kila alfajiri, kabla sijawasha taa, vidonge hugongana ndani ya kichupa nikikifungua, na kutoka kitanda cha pili binti yangu wa miaka sita huuliza, "Mama, umeshameza?"

"Nimemeza, bibi afya."

Kwa miaka mitatu nilikuwa mtu wa kutoguswa. Daktari alinieleza kwamba mwilini mwangu seli fulani za ulinzi zimezidi, na kosa moja dogo ndani yake linazifanya zipige king'ora hata paka akipita. Joto, manukato, msuguano wa nguo, vyote vilinichoma ngozi, mara nyingine vikanizimisha kabisa. Mume wangu aliniita Yai. Mwanangu alijifunza kunikumbatia kwa macho. Ndipo kikaja kidonge hiki, kinacholiandama kosa lile moja na kuwaacha majirani zake kwa amani. Mwezi wa pili wa dawa nilioga maji ya uvuguvugu bila kuanguka. Mwezi wa tatu mtoto alilala kifuani pangu mpaka mkono ukafa ganzi, nami sikuthubutu kuusogeza.

Mwezi wa nne maneno yakaanza kunitoroka. Nilisimama jikoni nikiita sufuria "kile kitu." Nikatia chumvi kwenye chai, mume wangu akainywa yote, akasema, "Yai haliliwi bila chumvi," tukacheka. Mimi nilicheka zaidi, maana mcheshi haulizwi maswali. Najua wanavyosema juu ya mficha maradhi. Lakini maradhi sikuyaficha. Nilificha kasoro ya dawa, wasije wakaninyang'anya.

Leo kliniki daktari alikuwa akipitia fomu yake, mwanangu ubavuni pangu.

"Macho kuvimba?"

"Kidogo, asubuhi."

"Swali la tisa. Usahaulifu?"

"Hapana, daktari."

Mtoto akanivuta mkono wa gauni. Nikamfinya kiganja, ule mfinyo wa kunyamazisha ambao kila mama anaujua. Akaangalia viatu vyake. Daktari aliona. Hakuandika kitu.

"Dada yangu," akasema taratibu, "dawa hii ikimsumbua mtu, mara nyingi tunaipunguza kipimo, na wengi huendelea nayo. Siwezi kukuahidi. Lakini siwezi pia kupunguza kwa jambo nisilolijua."

Nilikitazama kile kichwa kidogo kilichoinama, nywele nilizozisuka mwenyewe jana, kwa vidole visivyowasha. Mtoto niliyemfundisha asiniguse, sasa nilikuwa namfundisha asiniseme. Nikakiachia kiganja chake.

"Mwambie daktari, mwanangu."

Aliniangalia kwanza, kama anayejaribu ubao wa daraja kabla ya kuukanyaga. Kisha akamgeukia daktari.

"Juzi Mama alilisahau jina langu."