Maji ya Mlimani

Chupa ilipandishwa kutoka vilindini ikiwa baridi hata mtafiti akawa anaihamisha mkono hadi mkono. Huko chini, mahali pasipofikwa na mwanga, chemchemi ilibubujika polepole kati ya mawe, na maji yake yalikuwa maangavu kama machozi. Hayo ndiyo maji yaliyokuwa yakiliua ziwa.

Alirudia vipimo, akiomba awe amekosea. Hakuwa amekosea. Rutuba iliyoulisha mwani, ule utando wa kijani uliozagaa hadi samaki wakakosa pumzi, haikutoka kiwandani kama wengi walivyodhani. Ilitoka mlimani, ikapenya ardhini, ikaibukia kwenye chemchemi za chini ya ziwa. Na mlimani kulikuwa na mazizi, la kwanza likiwa la baba yake.

Njiani alitunga maneno ya kumpoza mzee. Yote yalimpotea alipomkuta amekaa barazani, uso umechangamka. Ni yeye aliyewaongoza majirani kukipigia kelele kiwanda tangu ziwa lilipoanza kubadilika.

"Tumewabana, siyo?"

"Baba, si kiwanda."

"Ni nani, basi?"

"Mashimo ya samadi."

Mzee aliangua kicheko. "Mashimo niliyoyaanzisha mimi? Mwanangu, mvua ilikuwa inasomba kinyesi chote hadi ziwani. Nikachimba, nikawafundisha na wenzangu. Tangu hapo halijateremka hata tone."

"Halikuteremka kwa juu, baba. Lilipita chini."

Kicheko kilimkauka mdomoni. Alitazama viganja vyake, akavigeuza, kana kwamba amepewa sasa hivi.

"Basi tuyafukie. Leo hii."

"Tutayafukia. Ila maji ya chini ya ardhi yana mwendo wa kinyonga. Haya ninayoyapima leo yaliingia mama akiwa hai."

Alijuta kulisema hilo, lakini lilikwisha toka.

"Mama yako ndiye aliyekuwa akibeba makarai," mzee alisema kwa sauti ya chini. "Na maji ya mwaka huu?"

"Yatatokea mimi nikiwa na umri wako."

Ng'ombe walianza kulia zizini, viwele vimewajaa. Mzee alijiinua kwa kushika ukuta.

"Kesho tulipanga kuandamana hadi kiwandani."

"Nitawaeleza mimi, baba."

"Hapana. Walinisikiliza mimi nilipowaambia wachimbe."

Akachukua ndoo, akaenda kukamua. Binti yake alimsikia akimsemesha ng'ombe kwa upole kama kawaida yake, kisha akakatiza neno katikati, shimo la kwanza likiwa hatua chache mbele yake, na maziwa nayo yakaacha kulia ndooni.