Mama Ursule Hashuki

Ismène alikuwa anapiga deki kwenye chumba kisichotakiwa kuingia hata kijidudu, katika kituo cha roketi huko Guyane, Amerika ya Kusini, alipomkuta marehemu mama yake amekaa juu ya chombo cha anga. Chombo chenyewe kilikuwa kinangoja kurushwa kwenda kuchunguza miezi ya barafu ya sayari kubwa ya Mshtarii.

"Mama, shuka. Utanifukuzisha kazi."

"Nishuke niende wapi? Hapa ndipo lilipokuwa shamba langu la muhogo. Wewe ulijifunzia kutembea pale ulipoweka ndoo."

Ilikuwa kweli. Kabla ya kituo palikuwa na kijiji, Savane-Moucaya. Watu waliambiwa wapishe maendeleo, wakapakiwa kwenye malori pamoja na kuku wao, makaburi yakabaki. Wakapangwa mjini kwenye vijumba vya zege, na huko Mama Ursule alipanda muhogo kwenye makopo ya rangi mpaka akafa.

Mhandisi Castaing, msimamizi wa usafi wa chombo, alikuja na pamba ya kupimia vijidudu, akampangusa mama viganja na nyayo, akaenda kupima. Alirudi akasema hana kijidudu hata kimoja, kwa hiyo upande wa usafi hakuna tatizo.

"Mnaogopa vijidudu vya nini?" Mama Ursule aliuliza.

"Chini ya ile barafu kuna bahari, bibi. Huenda ina viumbe. Sheria inatukataza kuwabughudhi wenyeji."

"Hata wakiwa wadogo?"

"Hata wasioonekana kwa macho."

"Na wasio na hati ya kiwanja?"

Castaing alifikiri. "Hati haiulizwi."

Mama Ursule akakaza kilemba. "Basi nahamia huko."

"Chombo hakitatua, bibi. Kitazunguka tu."

"Nitaruka. Mfu havunjiki mguu."

Ismène aliegemeza deki ukutani. "Mama, ndiyo kwanza umerudi. Twende nyumbani, nimepika mchuzi wa matunda ya awara."

"Nyumba yako wameshaipaka alama nyekundu, mwanangu. Utahama tena. Mimi nimechoka kuhama."

Ismène akamfuta mama vumbi mabegani, akaendelea na sakafu.

Roketi ilirushwa asubuhi, mvua ikinyesha. Wiki iliyofuata tingatinga lilifika mtaani. Ismène alikuwa mlangoni na sufuria zake.

"Mko wangapi humu?" dereva aliuliza.

"Mmoja. Mama ameshahamia Mshtarii."

"Afadhali," dereva alisema, akawasha injini.