Leo Wameuliza Nini

Simu ya karakana ilikuwa haijalia tangu Jumatatu, na leo ilikuwa Alhamisi. Meneja alikuwa ameshaipigia mara mbili kwa simu yake ya mkononi, ahakikishe tu kwamba haijafa. Mara zote mbili ililia vizuri, na mara zote mbili Sindano, mshonaji wao, aliinua kichwa kutoka kwenye cherehani kwa matumaini, akaona ni nani anayepiga, akarudi kwenye mshono wake. Mshono wenyewe ulikuwa wa begi la shule la mpwa wake. Kazi ya viatu haikuwapo.

Meneja hakuwa meneja wa kitu cha kutisha. Jina hilo alibandikwa na baba yake kwa utani, siku alipoacha kazi ya ofisini na kurudi kumsaidia, akaanza kupanga mafaili kabla hata hajavua koti. Karakana ilikuwa chumba kimoja kirefu, madirisha upande wa barabarani, meza tatu za kazi, na harufu ya gundi na ngozi iliyogoma kutoka hata kwenye nywele. Ukuta mzima wa nyuma ulijaa kalibu, yaani miguu ya mbao ambayo kiatu hujengwa juu yake, jozi kwa jozi kwenye misumari, kila jozi na jina la mwenyewe. Hakuna jozi iliyolingana. Baba alitengeneza viatu vya watu ambao mguu wao mmoja ni mfupi kuliko mwenzake, na Meneja, binti yake, alikuwa mmoja wao. Soli ya kiatu chake cha kushoto ilizidi ya kulia kwa upana wa vidole viwili, ila ilichongwa kwa ufundi hata mtu angemtazama akipita na asione kitu.

Kutoonwa ndiko alikokupenda kuliko yote, na huko ndiko alikojipalia makaa.

Miaka mingi nyuma, binamu yake, mtoto wa shangazi, aliwatengenezea tovuti. Baba alikataa picha na alikataa maneno ya kujisifu. Alitaka ukurasa mmoja tu, wa maswali. Mtu anaandika shida yake, Baba anasomewa, anajibu kwa mdomo, na jibu linaandikwa kama lilivyotoka. Mguu wangu wa kulia ni mfupi kwa vidole vitatu na kiuno kinaniuma nikisimama kupika, nifanyeje? Naona aibu kuvaa kiatu kinene kazini, nifanyeje? Baba alijibu kila mtu kwa kirefu, akitoka nje ya mada na kurudi, na kila jibu alilifunga kwa maneno yaleyale: lete mguu tuuone. Maswali mapya yalikaa juu na ya zamani yakasukumwa chini, hadi yakafika mia mbili na kumi na saba. Meneja alipolirithi jukumu la kuandika hakuwahi kuteremka hadi mwisho wa ukurasa. Nani ana muda huo?

Sasa macho ya Baba yalikuwa yameingia ukungu. Angeweza kuchonga soli kwa kupapasa, lakini kusoma hakuweza, na kushona ndiyo kabisa. Kilichomtoa kitandani kila asubuhi kilikuwa swali moja, ambalo aliliuliza hata kabla hajakikalia sawasawa kigoda chake.

"Leo wameuliza nini?"

Miezi mitatu iliyopita, mtu asiyejulikana alipiga picha kipande cha ukurasa ule akakirusha mitandaoni pamoja na vicheko. Kikasambaa. Watu wakauliza kama fundi huyo hupima ngozi kwa shubiri na gundi kwa mate. Mmoja akajirekodi akichechemea sebuleni kwake, na wengine wakamwiga. Meneja aliyasoma maoni yote akiwa amejifungia chooni, moja baada ya jingine, na kila kicheko alikisikia kama kile cha uwanja wa shule alichodhani amekiacha hukohuko. Alipotoka aliufuta ukurasa wote. Hakuacha nakala, hakumshauri mtu, na Baba hakumwambia. Juma lililofuata akaihamishia tovuti kwenye kampuni nyingine, ikawa nyeupe na safi, na picha ya watu wenye meno mazuri wanaotembea bustanini. Juu kabisa akaandika: Suluhisho la viatu tiba kwa mahitaji maalumu ya mwendo. Humo ndani hamkuwa na mguu, hamkuwa na kidole, wala hamkuwa na kiuno cha mtu kinachouma.

Siku za mwanzo alijiona ameula. Binamu alikuja kumrekodi Baba akigonga soli, na video hiyo ikatazamwa na watu laki nne. Simu ikalia hadi Sindano akaomba ichomolewe. Mmoja alitaka viatu vya dhahabu vya kuvaa siku moja tu. Mwingine aliuliza kama wanatengeneza mikanda. Wanawake watatu, kwa nyakati tofauti, waliuliza kama mzee ana mke. Kuhusu mguu hakuuliza hata mmoja. Kisha ikatokea video ya mbuzi anayepanda ngazi, watu wote laki nne wakahamia huko, na simu ikanyamaza.

Tangu hapo Meneja alishinda akitafuta. Aliandika kwenye injini ya kutafutia maneno ambayo mtu wa kawaida angeandika, mguu mmoja mfupi nifanyeje, kisha akateremka akitafuta jina lao. Zamani lilikuwa la kwanza. Sasa wa kwanza alikuwa mwuza dawa ya kurefusha miguu kwa siku kumi na nne. Ukurasa wa pili hawamo, wa tano hawamo. Alitafuta asubuhi, akatafuta kwenye foleni ya benki, akatafuta akiwa amesimama jikoni na sufuria inafurika. Kila mara aliteremka kana kwamba safari hii jibu lingebadilika.

Mwishowe alimwita binamu, akamkalisha, akamweleza yote. Binamu alimaliza chai yake kwanza.

"Dada, mtu anayeumwa hatafuti suluhisho," alisema. "Anaandika anavyoumwa. Mjomba alikuwa na maumivu ya watu mia mbili na kumi na saba, kwa maneno yao wenyewe. Wauguzi walikuwa wanawaelekeza wagonjwa palepale, tovuti za hospitali zimeweka viungo vya kufika palepale. Leo wakibonyeza wanakuta patupu. Na injini ikikuta patupu inakusahau."

"Na wale laki nne?"

"Wale walikuja kutazama nyundo."

Binamu alihangaika siku mbili kuufufua ukurasa. Kampuni ya zamani ilikuwa imeshafuta kila kitu, na hata zile hifadhi za mtandaoni zinazotunza kurasa za kale hazikuwa nao. Akamshauri Meneja aombe msamaha kwa Baba na waanze upya. Meneja akasema atafanya hivyo kesho, na hiyo kesho ilikuwa imeshatimiza wiki saba.

Badala ya kusema ukweli, alitunga. Kila asubuhi Baba alipouliza, Meneja alifungua kompyuta na kusoma kutoka kwenye kioo kisicho na kitu. Bwana mmoja mwenye mguu mfupi kidogo anauliza rangi gani inafaa. Mama mmoja anauliza kama ngozi inapenda mvua. Baba alijibu, Meneja akabofyabofya vitufe ili sauti isikike. Alijichukia kwa kila kitufe. Jumanne Baba alijibu nusu tu, akageuza uso wake dirishani.

"Siku hizi maswali yamekuwa mepesi," alisema. "Hakuna anayesema anaumwa wapi."

Jumatano jioni, wakati wa kufunga, Sindano naye alikuwa amekuja mezani kwake akifuta mikono ambayo haikuwa na uchafu. Alisema kiwanda cha mabegi kinamtaka. Angesubiri hadi mwisho wa mwezi kwa sababu ya Mzee, lakini zaidi ya hapo asingeweza, naye ana watu wanaomtegemea. Meneja alimwambia anaelewa, na kweli alielewa, na ndiyo maana hakupata usingizi. Bila Sindano hakuna kiatu kitakachoshonwa. Bila viatu karakana inafungwa, na bila karakana Baba angeamkia nini?

Basi Alhamisi hiyo, alipokuwa akijiandaa kuipigia tena simu ya karakana, mlango ukafunguliwa. Aliingia mwanamke mwenye vumbi la safari, amemshika mkono binti wa miaka minane hivi, ambaye alikanyaga kwa ncha ya mguu wa kulia kana kwamba sakafu ni ya moto. Mwanamke alitazama ukuta wa kalibu kwa muda mrefu, halafu akakaa kwenye kiti bila kukaribishwa.

"Kumbe mpo," alisema. "Nimewatafuta miezi miwili, dada. Kwenye simu hamtokei kabisa. Nikasema huyu mzee atakuwa ameshafariki."

Baba alicheka kutoka kwenye kigoda chake na kusema bado kidogo. Meneja hakuweza kucheka. Aliuliza wamefikaje. Mwanamke alifungua mkoba akatoa bunda la karatasi lililokunjwa mara nne, pembe zimelika. Alisema aliuchapisha ukurasa wa maswali miezi mitatu iliyopita, kabla tu haujatoweka, mtoto alipoanza kulalamikia nyonga, awe anamsomea mumewe ambaye hakuamini mambo ya mtandaoni. Mtaa ulikuwa umeandikwa ndani ya jibu mojawapo, basi akaja akiulizia kwa miguu hadi akafika.

Sindano alikuwa ameshaanza kumvua mtoto kiatu. Meneja alizichukua karatasi. Mia mbili na kumi na saba, mia mbili na kumi na sita, yote yalikuwamo, viuno vyote na aibu zote. Alifunua haraka kama mtu anayehesabu watoto baada ya ajali, hadi akafika karatasi ya mwisho, ambayo hakuwahi kuifikia kwenye kioo. Wino ulikuwa umefifia. Swali la kwanza kabisa lilisomeka, jibu lake halikuchapika.

Alilisoma akiwa amesimama. Kisha akalisoma tena.

"Meneja," Baba aliita. "Wageni wanapimwa, mimi nimekaa tu. Leo wameuliza nini?"

Angeweza kutunga. Bwana wa rangi alikuwepo tayari, na mama wa mvua pia. Akasoma.

"Binti yangu ana miaka saba. Mguu wake wa kushoto ni mfupi kwa vidole viwili. Watoto wanamcheka, na leo amegoma kwenda shule. Mimi ni fundi wa viatu vya kawaida tu. Nimfanyie nini?"

Baba aliweka nyundo yake chini polepole.

"Hilo si la leo," alisema.

"Si la leo, Baba. Ni lako. Na nilikuwa nimelifuta." Aliziweka karatasi mezani. "Niliyafuta yote. Watu walicheka mtandaoni, nikaona haya. Haya maswali ya siku hizi natunga mimi. Wateja hawatuoni tena, na Sindano anaondoka, na ni mimi niliyefanya."

"Ya kutunga nilijua," alisema Baba. "Watu wako hawaumwi popote. Nikasema ningoje, atasema mwenyewe. Ukanichelewesha." Hakuwa na hasira, na hilo lilimuuma binti yake zaidi.

"Jibu halipo," alisema. "Halikuchapika. Ulijibu nini?"

Baba alikuna kidevu. "Binamu yako aliniambia ukurasa hauwezi kuanza mtupu, niweke swali lolote la mfano," alieleza. "Nikaweka la kwanza nililowahi kuwa nalo." Jibu lenyewe lilikuwa fupi kuliko yote. Aliandika kwamba hajui. Aliandika kwamba kesho atajaribu soli nene, isipofaa atajaribu nyingine, na mtoto asipokwenda shule atambeba.

"Ulinibeba," alisema Meneja.

"Wiki tatu. Ulikuwa mzito." Alinyoosha mkono hewani, kiganja juu, kama anavyowafanyia wateja. "Tangu umekuwa meneja hujaniletea mguu. Nakusikia unavyotembea, soli imelika upande. Lete mguu tuuone."

Kulikuwa na mgeni. Kulikuwa na dirisha la barabarani, na watu wakipita. Meneja alikaa, akafungua kamba, akavua kiatu na soksi, akauweka mguu wa kushoto kwenye goti la baba yake. Vidole vya mzee vikaanza kupapasa kisigino. Yule mtoto, aliyekuwa ameuficha mguu wake chini ya kiti, alisogea akaangalia kwa makini, kisha akamtazama usoni.

"Wako vidole vingapi?" aliuliza.

"Viwili," alisema Meneja.

"Mimi vitatu," alisema mtoto, akautoa mguu wake, akaupandisha kwenye goti la pili la mzee.

Sindano alivuta kiti akakaa, akalitoa begi la mpwa wake kwenye cherehani. Meneja aliomba kompyuta, akapewa, akaiweka mapajani mguu ukiwa bado wazi. Hakujua kama injini ingewakumbuka tena, wala lini. Alianza na la kwanza, akaandika mguu, akaandika mfupi, akaandika vidole viwili, na kwenye jibu akaandika kwamba fundi hajui, ila kesho atajaribu.