Mtihani wa Serumu kwa Simu

Roger, direkta wa shule yetu ya wauguzi hapa Kindu, ni debe tupu, na debe tupu haliachi kuvuma. Mwaka 2020 korona ilipofunga shule, alivaa tai, akajirekodi kwa simu akitangaza kwamba kuanzia siku hiyo uuguzi utafundishwa kwa video. "Muntu asiguse muntu," alisema. Muuguzi asiguse mtu! Mpishi naye asiguse chungu.

Mtihani wa kuweka serumu, yaani dripu ya mshipani, ukawa kichekesho. Wanafunzi walijirekodi nyumbani wakichoma migomba sindano. Mmoja wao, Franck, alichoma mto wa kulalia, kisha akaupaka mawese yaonekane damu. Roger alimpa kumi na nane juu ya ishirini. Nadhani mawese ndiyo yaliyomshawishi.

Mwenzao Rehema hakuwa na simu, kwa hiyo alipewa sifuri. Mjomba wake alikuwa ameshasema: akianguka, anarudi kwao, kule machimbo ya Kama, kuosha mchanga wa dhahabu. Alikuja kwangu analia. Mwalimu wa mazoezi ni mimi, wala sikuulizwa. Sifuri ile ilinichoma rohoni.

Mimi nilisomea uuguzi wakati wa vita, mji ulipozingirwa na treni haiji. Hatukuwa hata na glavu za kutosha. Mwalimu wetu, Mama Victorine, alikunja mkono wa blauzi yake, akasema, "Muanze na miye. Mukinikosa mushipa, nitalia tu. Mugonjwa yeye atakufa." Tulimkosa, akalia, tukajifunza. Bahati yetu, direkta wa siku hizo alikuwa ameshakimbia.

Basi nikanawa, nikavaa barakoa, nikabeba vifaa vya serumu, nikamchukua Rehema mpaka ofisini kwa Roger. Nikaketi, nikalaza mkono mezani juu ya kitambaa safi.

"Anza, mwanangu."

Roger aliruka hadi dirishani. "Mama Jamila! Iko korona! Bila video hakuna pointi, njo sheria!"

"Video njo hii. Angalia."

Rehema alinifunga mpira mkononi, akapangusa kwa alkoholi, akachoma. Akakosa. Niliumia mpaka machozi yakanitoka. Roger akacheka. "Munaona?"

"Rudilia," nikamwambia Rehema. Mara hii alitafuta mshipa kwa kidole, bila haraka. Damu ikaonekana kwenye sindano, naye akafungulia serumu ikaanza kudondoka.

"Alikosa kwanza," Roger akasema. "Sifuri inabakia."

"Sawa, Bwana Direkta. Basi muite Franck, ule wa kumi na nane. Mumupe mukono wenu, atuonyeshe."

Roger alinitazama. Polepole akafunga kifungo cha mkono wa shati lake. Kisha akaketi, akachukua kalamu, akafuta sifuri na kuandika kumi na mbili.

Rehema akafungua mdomo kumshukuru.

"Muache huyo," nikamwambia. "Toa serumu kwanza, halafu ubane pamba."